Saa Tatu za Jua

Nililipa pauni kumi na mbili
kwa kichaka kimoja cha majani.
Sikumwambia mama.
Mama aliyenilea kwa jembe la palizi,
aliyeijua ndago kwa jina na kwa tusi,
angeuliza kama Sheffield wamekosa magugu
hata yauzwe dukani, koponi, na kibandiko cha bei.

Yalikuwa na mashuke laini kama mkia wa paka,
binamu wa mabingobingo
tuliyokata alfajiri na umande wake
kabla kengele ya shule haijalia,
majani yenye meno, yaliyotuandika mikononi
mistari myembamba iliyosomwa na jasho.
Nikayapanda nyuma ya nyumba, chini ya ukuta,
pale mti wa Maureen Ollerenshaw unapomwaga kivuli
bila kuuliza mpaka uko wapi.

Hayakufa. Afadhali yangekufa.
Yalirefuka yakitafuta, yakalala kifudifudi
bila shuke hata moja,
na Desemba yakaoza kwenye kitako.
Nilipoyavuta yalikuja yote mkononi kama wigi.

"Umehesabu jua?" Maureen aliuliza juu ya uzio,
kikombe mkononi, soksi za marehemu mumewe miguuni.
Nilidhani nimesikia vibaya.
Kwetu jua halihesabiwi. Linavumiliwa.

Basi asubuhi moja ya Mei
nilitoka zamu ya usiku wodini, sikulala.
Nikakaa juu ya ndoo,
kila saa nikichomeka kibanio cha nguo
pale kivuli kilipoishia:
cha njano, cha buluu, cha njano tena.
Jua liliingia kwa pembeni, kati ya dohani na mti,
likapita kama mgeni asiyevua viatu.
Saa tatu tu, likaondoka.
Nikabaki na vibanio vyangu udongoni
na bustani niliyokuwa nayo,
si ile niliyoitaka.

Nikapanda yale yanayojua kuishi hivyo.
Majani ya Japani, rangi ya ndizi inayoanza kuiva,
yanayoinama upande mmoja
kama nywele zilizochanwa na mtu mwenye haraka.
Na ndago. Ndiyo, ndago, au nduguye wa damu:
shina la pembe tatu, lizungushe vidoleni utalijua.
Nilimnunua adui wa utoto wangu,
nikamtandikia mboji,
nikamlinda usiku kwa tochi
dhidi ya konokono wasio na nyumba.
Wahenga walisema nyasi huumia tembo wakipigana.
Hapa hakuna tembo. Konokono mmoja anatosha.

Mwaka wa pili mama aliyaona, kwenye simu.
Alisogea mpaka nikaona paji la uso tu.
"Ng'ombe yuko wapi?"
Hakuna ng'ombe, mama.
"Sasa nani anakula?"
Upepo ukapita; yote yakalala, yakaamka.
Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.
"Hayo ya njano yamesongamana," akasema. "Yagawe."

Niliyagawa. Nusu yalivuka uzio.

Februari ndiyo ya kukata.
Ndago huiachi upara; hiyo huichana kwa vidole tu.
Lakini ya Japani yamekauka, yanaongea kama karatasi,
nayakata karibu na ardhi kwa mkasi mkubwa,
nayafunga kwa kamba ya kuanikia.
Sijui mikono ilipata wapi amri:
ilivua skafu shingoni, ikaizungusha ngata,
na mzigo ukapanda kichwani
kabla sijafikiri.
Hatua sita mpaka kwenye pipa la halmashauri.
Maureen dirishani, sufuria mkononi, haoshi.

Mzigo ulikuwa mwepesi, wa aibu.
Shingo ndiyo iliyonyooka, ikakumbuka mlima.
Nikasimama mbele ya pipa, kifuniko wazi,
nikisubiri
pumzi ya moto, pua yenye maji,
ulimi wa msasa ukinyofoa jani la kwanza.